SOMO: Karatasi ya kumzuia mume anayepiga. Njia zilizopo hapa Lualaba

Somo la mara hii limetoka kwenu. Katika mazungumzo yetu ya Musumba na ya Kolwezi swali moja limerudi kila mara: je, mama anayepigwa anaweza kupata kwa serikali karatasi inayomwambia mume, "usikaribie nyumba hii"? Wanaouliza zaidi ni wale waliowahi kuishi Zambia au Angola. Huko walisikia kwamba karatasi hiyo ipo, na wanataka kujua kwa nini hapa hawaioni.

Walichosikia ni kweli. Zambia ilipitisha sheria yake dhidi ya ukatili wa kijinsia mwaka 2011, na ndani yake mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, Angola nayo ilipata sheria namba 25/11 juu ya ukatili wa nyumbani. Uganda ilikuwa imetangulia mwaka 2010, na kule hata baraza la kijiji limepewa kazi ya kusikiliza mambo hayo. Kenya ilifuata mwaka 2015. Katika baadhi ya nchi hizo mama anakwenda mahakamani, anaeleza hatari, na hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla hata ya mume kufika. Mume akiivunja amri, kule kuivunja peke yake ni kosa.

Kwetu Kongo hakuna sheria moja inayosimama peke yake juu ya ukatili wa nyumbani. Lazima tuseme hivyo wazi, kwa sababu kuna watu wanaowauzia akina mama karatasi zenye muhuri mkubwa na kuziita "ulinzi". Karatasi ya namna hiyo haimzuii mtu. Lakini msikate tamaa. Ulinzi unaweza kupatikana hapa kwa kushona pamoja vipande vya sheria mbalimbali. Kazi hiyo ni ngumu kuliko ya jirani zetu, na mama akiifanya peke yake mara nyingi anachoka njiani. Ndiyo sababu tunaandika kwa ajili ya viongozi pia.

Sheria zinasema nini

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 14, inaidai serikali ipigane na kila namna ya ukatili kwa wanawake, katika maisha ya hadhara na katika maisha ya nyumbani. Neno hilo "nyumbani" lina uzito. Anayesema "mambo ya chumba hayahusu serikali" anasema kinyume cha Katiba.

Kitabu cha sheria ya makosa hakina ukurasa wa "kumpiga mke". Kinazungumza juu ya kumpiga na kumjeruhi mtu, na mke ni mtu. Kwa pigo la kawaida kifungo ni kuanzia siku 8 hadi miezi 6, na kama mpigaji alikuwa amepanga tangu mbele, ni mwezi 1 hadi miaka 2. Kama pigo limeleta ugonjwa, au limemfanya mtu ashindwe kufanya kazi yake, au kiungo kimeharibika, ni miaka 2 hadi 5. Kama mtu amekufa, hata kama mpigaji hakukusudia kuua, ni miaka 5 hadi 20. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono ilipoeleza ubakaji haikumtoa mume nje. Nayo sheria ya mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inalinda watoto wanaopigwa pamoja na mama yao.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawajalisikia bado. Zamani, chini ya Sheria ya Familia ya mwaka 1987, mke alihitaji ruhusa ya mume kwa matendo mengi ya kisheria. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Ni kweli kwamba mume bado anaitwa kichwa cha nyumba katika sheria. Lakini kichwa hakupewa fimbo. Mama akifika polisi na kuulizwa "mume wako anajua kwamba uko hapa?", ajue kwamba hakuna sheria inayomtaka alete ruhusa.

Mbuzi, kitambaa, na sahihi ya shefu

Tukae kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo mambo mengi yanapoishia.

Mara nyingi mama anayepigwa haendi kwanza polisi. Anakwenda kwa mama mkwe, kwa mchungaji, kwa shefu wa mtaa, na kwa jamaa zilizohama anakwenda kwa kiongozi wa kamati. Wazee wanaketi. Mume anaomba radhi, analeta mbuzi au kitambaa, karatasi inaandikwa, wote wanatia sahihi, na mama anarudishwa nyumbani usiku huohuo. Hatudharau desturi hiyo. Imezima moto mwingi kati ya jamaa na jamaa, na katika mahali palipokuwa na vita hilo si jambo dogo. Lakini angalieni inavyofanya kazi: mbuzi anakwenda kwa wazazi, amani inakwenda kwa wazee, naye mama anapata njia ya kurudi mahali alipopigwa. Ulinzi wake haukuzungumzwa.

Uchunguzi wa taifa juu ya afya na watu wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta kwamba wanawake 52 kwa kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamepigwa angalau mara moja tangu miaka 15. Kwa hiyo katika kikao chochote cha wazee, mama anayelalamika si wa ajabu. Pengine nusu ya wanawake wanaopika chakula cha kikao hicho wana habari kama yake.

Shefu anaweza kupatanisha watu. Hawezi kufuta kosa la jinai, na karatasi ya mapatano haimfungi prokirere. Hata mama akiondoa plente yake, parke hailazimiki kufunga dosie, kwa maana kumpiga mtu ni kosa mbele ya serikali, si deni la mtu kwa mtu. Ubakaji ndio mkali zaidi: sheria ya 2006 inakataza hata ile faini ambayo polisi au parke wanaweza kupokea ili kumaliza kosa dogo. Kwa hiyo kiongozi anayepokea mbuzi ili ubakaji unyamaze anajiweka mwenyewe mahali pabaya.

Kama wazee wanaona ni lazima waandike mapatano, basi waandike yale yanayomlinda mama. Mume atalala wapi, na kwa muda gani? Nani atapita kuangalia, siku zipi? Panga na silaha za nyumbani zitawekwa kwa nani? Iandikwe pia, kwa maneno wazi, kwamba mapatano haya hayamnyimi mama haki ya kwenda polisi. Tena mama aulizwe akiwa peke yake, mbali na mume na mbali na wakwe, kama anataka kurudi. Akisema hapana, kikao kisimalizike kana kwamba amesema ndiyo. Karatasi ya namna hiyo, yenye tarehe na mashahidi, itakuwa na faida hata mbele ya hakimu baadaye, kwa kuwa inaonyesha kwamba mume alikiri.

Siku ya kwanza na siku ya tatu

Mwili unatangulia. Mama aende kwenye kituo cha afya au hospitali kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo, hasa kama kumekuwa na ubakaji, kwa sababu dawa za kuzuia ukimwi zinataka kuanzwa ndani ya saa 72. Mganga aandike anachokiona: vidonda viko wapi, ukubwa wake, na siku ngapi mama hataweza kufanya kazi. Hizo siku za kutofanya kazi si maneno ya bure. Ndizo zinazoweza kuhamisha kosa kutoka miezi 6 hadi miaka 5. Mama anayelima au anayesafisha mawe ya shaba amwambie mganga kazi anayoifanya, ili mganga ajue mkono uliovunjika una maana gani kwake.

Kisha polisi. Anayepokea plente ni afisa wa upelelezi, yule tunayemwita OPJ. Yeye ndiye anayeandika barua rasmi ya kumwomba mganga achunguze, na kwa mambo ya ubakaji sheria inamtaka magistra wa parke au hakimu naye afanye hivyo. Kama mama ameanza kwa mganga, haidhuru. Aonyeshe karatasi ya mganga, kisha OPJ aandike barua yake. Plente haina bei. Akiombwa pesa ya karatasi au ya "usafiri wa kumfuata mume", mwenye kumsindikiza aulize kwa upole lakini kwa sauti ya kusikika: risiti itatolewa?

Sasa tuongee juu ya siku ya tatu. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema polisi hawawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48. Baada ya hapo wamwachilie au wampeleke mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Hiyo ni haki ya kila mtu, nasi hatuipingi. Lakini kwa mama maana yake ni hii: mume aliyekamatwa Jumatatu anaweza kuwa mlangoni Jumatano jioni, tena amekasirika kuliko mbele. Jamaa nyingi zinashangilia siku ya kukamatwa na hazipangi lolote kwa siku ya kutoka. Mipango ya siku ya tatu ianze siku ya kwanza: mama na watoto watakuwa wapi, nani atapewa habari na polisi mume akitoka, na je, kuna barua imekwisha kufika parke?

Barua hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na karatasi mnayoiuliza

Mtu anayeshitakiwa anaweza kuachiliwa kwa muda huku dosie ikiendelea. Sheria ya mwenendo wa makosa, iliyoandikwa tangu tarehe 6 Agosti 1959, inaruhusu kumwekea masharti: asiende mbali bila ruhusa, asifike mahali fulani palipotajwa au asiwepo pale kwa saa fulani, na ajitokeze kwa magistra siku zilizowekwa. Akivunja masharti, anaweza kunyang'anywa uhuru huo na kurudi buloko.

Hapo ndipo mlango ulipo. Masharti hayo yaliwekwa hasa ili mshitakiwa asikimbie, na mara nyingi magistra anawaza jambo hilo tu. Hatajua kwamba mama anachota maji kwenye kisima kilicho nyuma ya nyumba ya shemeji, ila akiambiwa. Kwa hiyo mama, au avoka wake, au kiongozi anayemsindikiza, aandike parke barua fupi na kuomba hivi: kama mheshimiwa ataona vema kumwachilia mshitakiwa, amkataze kufika katika mahali hapa. Kisha mahali pataje kwa majina: nyumba, mtaa, shule ya watoto, kisima, kanisa, meza ya soko. "Asimsumbue mke wake" ni maneno mazuri lakini hayashikiki. "Asifike kwenye kisima cha mtaa wetu" ni sharti ambalo kila jirani anaweza kushuhudia likivunjwa.

Kwa ubakaji msingi una nguvu zaidi. Sheria namba 06/019 ya mwaka 2006 inamwagiza magistra na hakimu kuchukua hatua zinazohitajika kulinda usalama wa mwathiriwa, afya yake ya mwili na ya roho, heshima yake na siri yake, na mama akiomba, kesi isikilizwe mlango ukiwa umefungwa. Sheria hiyohiyo inataka uchunguzi wa mwanzo usipite mwezi mmoja, na hukumu itolewe ndani ya miezi mitatu. Tunajua jinsi miezi hiyo mitatu inavyonyooshwa. Hata hivyo ni vema kuikumbusha katika kila barua.

Plente yenyewe iandikwe namna gani? Wengi wanaandika, "mume wangu ananitesa miaka yote." Ni kweli, lakini OPJ hawezi kulipeleka neno hilo mbele ya hakimu. Chukueni pigo moja, la mwisho, na kulieleza lote: siku, saa, mahali, alitumia nini, alisema nini, nani alisikia, mama alikwenda wapi baadaye. Ndipo mengine ya zamani yafuate kwa ufupi, kila moja na mwaka wake. Vitisho viandikwe kwa maneno yaleyale aliyoyasema, kwa Kiruund, Kichoke, Tshiluba au Kiswahili, kisha vifasiriwe. Kutishia kumwua mtu kunaweza kuwa kosa kwa upande wake, hata kama mkono haujanyanyuliwa. Mama asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo. OPJ anaandika, anamsomea, naye anatia kidole. Asitie kidole kabla ya kusomewa. Na nakala moja isikae nyumbani.

Tribinali ya Amani

Mambo ya ndoa, ya chakula cha watoto na yale makosa ya kifungo kisichopita miaka 5 yanakwenda kwa Tribinali ya Amani. Ubakaji unakwenda kwa Tribinali Kubwa. Mama anayeomba talaka anaweza kuomba palepale hatua za muda wakati kesi inaendelea: akae mbali na mume, watoto wakae na nani, mume atoe nini kwa chakula chao. Uamuzi huo wa muda nao ni karatasi ya kweli yenye sahihi ya hakimu.

Lakini kwa talaka inafaa ndoa iwe imeandikishwa, na wengi wetu tuliooana kijijini, au tunaoishi "yaka tofanda", hatuna hati. Tusichanganye mambo. Plente ya kupigwa haihitaji hati ya ndoa. Haihitaji pia mahari irudishwe. Wazazi wanaosema "tutarudisha nini?" wanazungumza juu ya mwisho wa ndoa kwa desturi, nalo ni jambo la kweli lenye saa yake. Usalama wa binti yao usingoje mbuzi.

Asiye na pesa anaweza kuomba ofisi ya mambo ya jamii cheti cha kuonyesha umaskini wake, ili gharama za tribinali zipunguzwe au ziondolewe. Chama cha maavoka nacho kina ofisi ya ushauri wa bure. Kwa wale walio Kolwezi ni karibu zaidi. Kwa walio Musumba ni safari ya lori au pikipiki katika barabara mnayoijua, na wakati wa mvua hatuna haja ya kueleza. Kwa hiyo kamati ikusanye mambo kadhaa kwa safari moja, na mtu mmoja anayeaminika abebe nakala zote ndani ya bahasha iliyofungwa.

Mambo yanayowahusu viongozi wa waliohama

Jamaa zilizokimbia Luiza wakati wa vita vya Kamwina Nsapu vya 2016 na 2017, na zile zilizofukuzwa Angola mwaka 2018, zina mzigo ambao wenyeji hawana. Wajomba wako mbali. Nyumba ni ya kuazimwa, na aliyeazima ni rafiki wa mume. Tena palipogawiwa msaada, jetoni iliandikwa jina la mume. Mama akitoka anaacha unga, mafuta na turubai nyuma yake, na watu wanashangaa kwa nini amerudi. Amerudi kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Sisi tunaona kwamba hapa kiongozi wa kamati ana nguvu kuliko hakimu: anaweza kuomba jamaa igawanywe mara mbili katika orodha, siku ileile, bila kungoja hukumu. Afanye hivyo kimya, bila kusoma sababu mbele ya umati.

Mahali pa kumlaza mama siku ile ya tatu pasitangazwe. Na anayempokea asiwe mtu mmoja tu. Ziwe nyumba mbili au tatu za mtaa, ili mume asijue kwa urahisi ni ipi.

Katika Musumba, mji wa Mwant Yav, kuna jambo lingine la kutumia. Desturi ya Kilunda haikuwahi kuwa ya wanaume peke yao. Vyeo vya Rukonkesh na Nswan Murund ni vyeo vya wanawake vyenye heshima katika baraza la Lunda tangu zamani. Mama anayeogopa kusema mbele ya wazee wanaume aulize kwanza mwanamke mwenye cheo wa karibu, na viongozi wa waliohama wasiache kupeleka neno huko kwa kufikiri kwamba ni mambo ya wenyeji.

Ya kuzungumzia katika vikundi

Someni tena sehemu ya siku ya tatu, kisha kila kikundi kijibu kwa mtaa wake. Mume akiachiliwa kesho jioni, nani atakuwa wa kwanza kupata habari, naye atamwambia nani? Tajeni mahali pote ambapo mama huyo anapita tangu asubuhi hadi usiku. Ni pangapi mngeweza kupaandika katika barua ya parke? Chukueni karatasi moja ya mapatano iliyowahi kuandikwa kwenu, mfute majina, muisome kwa sauti: ni mistari mingapi inayozungumza juu ya wazazi na mali, na ni mingapi inayozungumza juu ya usalama wa mama? Akina mama wajibu kwanza, wakiwa peke yao, kabla ya vikundi kuchanganyika.